Mita Mbili Chini ya Birere

Ujumbe wako umefika saa nane usiku, Kavira,
umeme uliporudi na kuiamsha simu.
Picha: jiwe la mviringo, refu kama mche wa sabuni,
limepasuliwa katikati, limelazwa kwenye trei,
na kidole chako, ukucha umevunjika,
kinaonyesha mstari.

Unasema meli imesimama juu ya mlima usioonekana,
uwanda wa lava uliolala chini ya kilomita mbili za maji,
na mnabishana mezani ulianza lini kukua,
ulikua kwa pupa au kwa kusitasita.
Bomba, unasema, linashuka saa nyingi kabla ya kugusa chini.
Mimi huku kutwa nzima nimeshuka kiganja.

Maana nami nachimba.
Mama Sifa anataka choo,
na Birere, unaijua, haina udongo,
ina mwaka wa elfu mbili na mbili.
Tindo, nyundo. Tindo, nyundo.
Paluku anavuta ndoo na kuhesabu faranga
kwa kila sentimita. Tindo tatu zimekwisha kufa.

Jumanne, kwenye mita ya pili, mlio ukabadilika.
Jiwe hujibu *ka!*
Hii ikajibu *pu.*
Sakafu. Saruji nyekundu, ile ya kung'arishwa kwa magoti,
na juu yake sufuria iliyoyeyuka,
imeganda kama dimbwi dogo la mbalamwezi.
Mama Sifa akashuka ngazi, akapapasa.
"Hapa palikuwa mlango wa jikoni."
Akapanda, akarudi kwenye sambaza zake.
Jioni akatuma mtoto: msiivunje. Sogeeni pembeni.

Basi tumeanza upya, nusu mita kuelekea uani.
Ndiyo sababu sikukujibu wiki nzima.

Nimesoma tena ulivyonieleza.
Kwamba ndani ya fuwele kuna potasiamu,
nayo hugeuka argoni, kidogokidogo, bila haraka;
jiwe likiwa moto argoni hutoroka,
likipoa mlango hujifunga
na hesabu inaanza.
Kwa hiyo jiwe halikumbuki lilipozaliwa.
Linakumbuka lilipopoa.

Hapo nikacheka peke yangu shimoni,
kwa sababu wewe, mpima umri wa milima,
huna tarehe.
Pasipoti yako inasema tarehe mosi Januari,
kama ya nusu ya mji huu;
karatasi ya kweli iko chini ya barabara, imekuwa majivu.
Mama hukuhesabu hivi:
"Kavira alikuja jiwe lingali na joto,
mvua ikigonga chini inapanda tena mvuke,
na ndala zikinata njiani kuelekea zahanati."
Hicho ndicho kipimo chako. Hakina sehemu za desimali.

Unasema pia kuna maganda ya vijidudu,
madogo kuliko punje ya ulezi,
yaliyotua juu ya lava kabla ya matope mengine;
ukijua umri wao, unajua jiwe halipungui hapo.
Huku wa kwanza kutua alikuwa mama Sifa,
mbao nane na mabati mawili,
moshi ukitoka kwenye nyufa za sakafu yake mpya.
Andika hivyo: lava haiwezi kuwa changa kuliko mama Sifa.

Leo, chini ya ua, tumefika kwenye udongo.
Mweusi, unene wa shibiri moja,
na ndani yake mzizi, labda wa mharagwe.
Nikakumbuka ule mstari chini ya kidole chako:
udongo mwekundu katikati ya lava mbili,
mahali mlima ulipopumzika
hadi kitu kikaota.

Chini ya shibiri hiyo, Kavira, ni lava tena.
Nyingine. Nzito, ina mbegu za kijani.
Paluku akauliza, "Hii ya mwaka gani?"
Mama hajui. Babu alilikuta jiwe,
akajenga juu yake, akaliita *chini.*

Nimekuwekea kipande, kama ngumi ya mtoto,
ndani ya pakiti ya chumvi.
Mama Sifa anauliza kama shimo linatosha.
Nimemwambia bado.